Sindano na sahani huenda pamoja kwa mgonjwa wa kisukari

Kuna swali ambalo sisi madaktari hapa Machakos huulizwa mara kwa mara, tena kwa sauti ya chini: "Daktari, nikishaanza kudungwa insulini, si ndio mwisho wangu?" Wanaouliza hawaulizi bure. Wamemwona jirani akianzishwa sindano hizo na baada ya miezi michache akakatwa mguu au akazikwa. Kwa hesabu yao, sindano ndiyo iliyomwua. Kwa kawaida mambo huwa kinyume. Jirani huyo alifika hospitalini akiwa amechelewa, na kwa miaka mingi sukari ilikuwa imeharibu figo, macho na mishipa yake ya damu bila yeye kujua.

Insulini si kitu kigeni mwilini. Mwili wa mtu mwenye afya huitengeneza mchana na usiku katika kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Tukila ugali, viazi au mkate, wanga ulio ndani yake huvunjwa na kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia katika damu. Fikiria stendi ya magari jioni. Sukari ndiyo abiria, na insulini ndiye kondakta anayewapandisha matatu. Kondakta asipofika, abiria husongamana stendini huku magari yakiondoka matupu. Hiyo ndiyo hali ya mgonjwa wa kisukari: damu imejaa sukari, lakini misuli na viungo vingine vina njaa. Ndiyo maana mtu hula sana na bado akakonda.

Kisukari cha aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Kongosho lao huacha kabisa kutengeneza insulini, na pasipo sindano hawawezi kuishi. Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, hasa kwa watu wazima na walio wanene. Hapa insulini ipo lakini haifanyi kazi sawasawa. Wengi huanza kwa kurekebisha chakula na kumeza tembe kama vile metfomini, na baada ya miaka kadhaa kongosho huchoka, nao pia wakahitaji sindano. Kuanzishwa sindano hakumaanishi kwamba mgonjwa amefanya kosa wala kwamba siku zake zimekwisha.

Kabla ya mwaka 1921 mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa akisubiri kifo tu. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliwanyima watoto hao chakula ili sukari isipande, na baadhi yao walikufa kwa njaa badala ya ugonjwa. Ndipo Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, Kanada, walipofaulu kupata insulini kutoka kwenye kongosho la mbwa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Aliishi miaka 13 zaidi.

Kinachosikitisha ni kwamba karne moja baadaye wako watoto wetu wanaokufa kwa ugonjwa huo huo kwa sababu hakuna aliyewapima. Mtoto huanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena, na mama humchapa akidhani ni uvivu. Anakonda. Kisha anatapika, anaumwa na tumbo, anapumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Anapelekwa dukani au kwenye zahanati, anapewa dawa ya malaria au homa ya matumbo, na siku mbili baadaye amezirai. Hali hii husababishwa na asidi ziitwazo ketoni, ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa sukari ya kutumia. Tone moja la damu kutoka kidoleni lingetosha kugundua tatizo, na kipimo huchukua muda usiofika dakika moja. Mzazi ukiziona dalili hizi, omba mtoto apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama umeambiwa ni malaria.

Kwa mtu mzima, sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula asubuhi, au 11.1 au zaidi wakati wowote akiwa na dalili, huonyesha kisukari. Vipimo vyetu hapa Kenya huwa katika milimoli kwa lita, kwa hivyo usishtuke ukisikia jamaa yako aliye Marekani akisema yake ni 126. Wao hutumia kipimo kingine, na hiyo 126 ni sawa na 7.0 yetu.

Sasa tuje kwenye sindano yenyewe. Insulini ambayo wengi hupewa katika hospitali zetu ni ile iliyochanganywa, sehemu 30 za dawa inayofanya kazi haraka na 70 za ile ya polepole. Hudungwa mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya kiamshakinywa na nusu saa kabla ya chakula cha jioni. Ile ya haraka huanza kazi baada ya kama nusu saa na kushughulikia chai na mkate wako. Ile ya polepole hupata nguvu saa nne na zaidi baada ya kudungwa, yaani mchana. Maana yake ni kwamba ukijidunga saa moja asubuhi, chakula cha mchana umekwisha kukilipia. Usipokula, dawa haitakungoja.

Wagonjwa wengi hawaelezwi jambo hili, na hapo ndipo wanapoumia. Mtu anajidunga alfajiri, anaenda matangani, hotuba zinavuta hadi saa tisa, naye anaona haya kuomba chakula. Mwingine anakwama njiani kwenda Nairobi, magari hayasongi. Mwingine anashinda akichimba matuta shambani, kazi ambayo huteketeza sukari kuliko anavyodhani. Wote hawa sukari yao inaweza kushuka chini ya 4. Wanatetemeka, wanatokwa na jasho jembamba, moyo unakwenda mbio, kisha wanaanza kuropoka na kuyumba. Watu hucheka na kusema amelewa. Akiachwa hivyo, anaweza kuzirai na kufa.

Dawa yake haina gharama. Koroga vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji kidogo anywe, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, umpime tena. Kama bado iko chini, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Chapati au maziwa peke yake hayafai mwanzoni kwa sababu huchukua muda mrefu kufika katika damu. Lakini kama amezirai, usimtilie chochote mdomoni, kwani kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini. Kila anayetumia insulini na atembee na sukari au peremende mfukoni, na kadi yenye kueleza ugonjwa wake. Mwambie pia kondakta au mwalimu wa mtoto. Siri hii haimsaidii mtu.

Kuhusu chakula, mgonjwa hahitaji kupikiwa chungu chake peke yake. Gawanya sahani: nusu iwe mboga kama sukuma wiki, mchicha au majani ya kunde, robo iwe nyama, samaki, mayai au maharagwe, na robo iliyobaki iwe ugali, wali au viazi. Shida yetu sisi wa Ukambani si sukari ya chai tu, bali ule mlima wa ugali wenye kimchuzi pembeni.

Watu huniuliza kuhusu muthokoi. Mahindi ya muthokoi hukobolewa ganda, na ganda ndilo lenye nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Kwa maoni yangu isyo, yaani mahindi mazima na maharagwe, ni bora zaidi, hasa maharagwe yakiwa mengi kuliko mahindi. Ndengu, mbaazi na kunde, ambazo hustahimili ukame wetu, ni vyakula vizuri mno kwa mgonjwa wa kisukari, na inashangaza kwamba wengi huviacha wakihamia mjini na kukimbilia mkate mweupe. Hata hivyo, msidanganyike na uvumi kwamba ugali wa mtama au uji wa wimbi hauna sukari. Huo pia ni wanga. Ni afadhali kuliko sima nyeupe, lakini kikombe ni kikombe, siyo jagi. Asali nayo ni sukari, hata ikiwa imetoka kwenye mzinga wa babu. Na msimu wa maembe ukifika, embe moja dogo baada ya chakula halina neno. Ndoo nzima chini ya mwembe ni habari nyingine. Juisi iacheni.

Anayedungwa insulini iliyochanganywa anahitaji jambo moja zaidi: kiasi cha wanga kinacholingana siku hadi siku, kwa saa zile zile. Akila kidogo Jumatatu na kujishindilia Jumanne, daktari hawezi kujua kama kipimo cha dawa ni kikubwa au ni kidogo. Andika katika daftari sukari uliyopima, saa, na ulichokula. Daftari la wiki mbili lina manufaa kwangu kuliko maelezo ya nusu saa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka tena. Chupa uliyofungua inaweza kukaa nje mahali penye baridi na kivuli kwa takriban wiki nne. Andika tarehe juu yake. Asiye na friji achukue vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akiweke kidogo ndani ya kikubwa, ajaze mchanga katikati na kuumwagilia maji asubuhi na jioni. Dawa ikae ndani ikiwa katika mfuko usiopenya maji, na chungu kifunikwe kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huondoa joto. Hewa yetu kavu hufaa sana kwa njia hii; huko Mombasa kwenye unyevu haifanyi kazi vizuri namna hiyo. Usiiache dawa ndani ya gari wala dirishani. Ile nyeupe kama maziwa iviringishe taratibu kati ya viganja kabla ya kuivuta, usiitikise. Ukiona madonge yamegandamana kwenye kioo, imeharibika.

Jidunge tumboni au pajani, ukibadilisha mahali kila mara. Wanaodunga pale pale huota uvimbe, na dawa ikiingia kwenye uvimbe haifyonzwi vizuri.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha insulini siku ya ugonjwa. Mtu anapata homa, anatapika, hali kitu, naye anafikiri: "Sijala, basi sijidungi." Homa yenyewe hupandisha sukari. Mwenye aina ya kwanza akiacha, ketoni humjaa kwa muda wa siku moja tu. Endelea na dawa, kunywa maji mengi, pima sukari kila saa chache, na ukitapika mfululizo nenda hospitalini usiku huo huo ili daktari akupangie kipimo. Ninawaambia vivyo hivyo wanaokwenda kwenye mikutano ya maombi na kuambiwa watupe chupa. Sijamkataza mtu kuomba. Omba ukiwa na dawa yako mkobani.

Mtego mwingine uko kwa watoto walioanza matibabu karibuni. Baada ya wiki chache kongosho linaweza kuamka kidogo, mtoto akahitaji uniti chache sana, na wazazi wakatangaza kwamba amepona. Hali hiyo hudumu miezi kadhaa kisha huisha. Dawa ikiachwa wakati huo, mtoto hurudi kwetu akiwa amezirai.

Tofauti na hapo, paka anaweza kupona kwa namna fulani. Ndiyo, paka pia huugua kisukari, hasa yule mnene, mzee, anayeshinda amelala kochini. Matibabu yake ni ya daktari wa mifugo, si yangu, ila yanafanana na ya binadamu: insulini mara mbili kwa siku pamoja na chakula chenye wanga kidogo, kwa kuwa paka kwa asili yake ni mla nyama wala hakuumbiwa ugali na maziwa. Akiwahiwa mapema, baadhi huacha kuhitaji sindano baada ya wiki au miezi.

Nimemtaja paka kwa sababu ya hatari moja. Insulini ya wanyama mara nyingi huwa na uniti 40 katika kila mililita, na yetu sisi ina uniti 100. Kila moja ina bomba lake la sindano. La 40 kwa kawaida huwa na kifuniko chekundu, la 100 cha rangi ya machungwa. Ukivuta insulini ya binadamu kwa bomba la 40 hadi alama ya 10, umejidunga uniti 25. Kiasi hicho chaweza kumwua mtu usingizini. Basi nyumba yenye mgonjwa na paka mgonjwa iweke vifaa vyao mbalimbali, na hata asiye na paka asome namba iliyo kwenye bomba kila anaponunua pakiti mpya. Sindano zilizotumika zitieni katika mkebe mgumu wenye kifuniko, mzirudishe kliniki.

Wiki ijayo tutaangalia miguu ya mgonjwa wa kisukari na viatu vinavyomfaa.