Ua la Mchezoni na Ua la Shambani

Mtoto wa mjini Bariadi aliyebahatika kuazima simu ya baba yake aweza leo kuchuma maua mchana kutwa pasipo kutoka sebuleni. Katika Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali uliokamilishwa mwaka 2011, maua humea mbugani na misituni. Ua jekundu humpa rangi nyekundu ya kutia sufu ya kondoo. La manjano humpa rangi ya manjano. Yakimwishia, hunyunyiza unga wa mifupa juu ya nyasi, na mengine huchipua papo hapo.

Si mchezo mbaya. Lakini mzazi na ajue kuwa humzoeza mtoto kuamini kwamba kila ua ni la kuchumwa. Shamba la pamba halina msamaha huo.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, hutegemea sana pamba. Mbegu hupandwa Novemba na Desemba. Kiasi cha miezi miwili baadaye shamba huchanua. Ua hufunguka asubuhi likiwa jeupe kama maziwa. Kesho yake limegeuka la waridi, kisha hunyauka na kuanguka, likiacha kitumba kichanga kitakachobeba nyuzi. Mtoto achumaye ua hilo huchuma daftari na sare zake mwenyewe.

Hata hivyo, jambo moja mchezo huo umelinena vyema. Tangu mwaka 2019 wamo nyuki, nao hubeba chavua kutoka kwenye maua. Mashambani kwetu pia wamo. Pamba huweza kujichavusha yenyewe, ila nyuki huisaidia. Mkulima anyunyiziaye dawa ya funza wa vitumba asubuhi, maua yakiwa wazi, huua rafiki pamoja na adui. Heri anyunyize jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Na watoto wasikanyage shambani mpaka muda ulioelekezwa upite.

Basi wazazi, msimnyang'anye mtoto simu kwa ukali. Mshikeni mkono mwende naye shambani. Mwonyesheni ua jeupe na ua la waridi katika mche mmoja, na kitumba kilichotangulia. Kisha pandeni rosela kando ya nyumba, naye apate chake cha kuchuma. Vile vifuniko vyekundu vinavyobaki ua likishaanguka, vikichemshwa, hutoa kinywaji kisichohitaji rangi ya dukani.

Hapo atatambua kuwa lipo ua la kuchuma, na lipo ua la kungojea.