Chini ya helmeti uvae nini? Kitambaa kinaweza kukukinga, kinaweza pia kukuponza

Saa 12 asubuhi mwezi Juni, ukiwa juu ya boda kutoka Katumba kwenda Mpanda mjini, kibaridi kinaingia masikioni kabla hata hujatoka kijijini. Mwezi Septemba shida inakuwa nyingine: vumbi jekundu la lori lililotangulia linajaa puani, mdomoni na kwenye kola ya shati. Ndiyo maana madereva na abiria wengi wa huku, katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, hawakosi kitu kichwani au shingoni. Wengine mzula, wengine mtandio au kitenge, wengine kipande cha taulo tu.

Kitu hicho mara nyingi huchaguliwa kwa ajili ya baridi, vumbi au nywele, halafu helmeti inawekwa juu yake kama nyongeza. Inatakiwa iwe kinyume. Helmeti ndiyo ya kwanza, na kinachovaliwa chini yake kisiizuie kufanya kazi.

Kazi yenyewe si ndogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hiyo ni helmeti iliyobaki kichwani. Iliyochomoka na kubingirika mtaroni haimsaidii mtu.

Hapo ndipo mzula unapoleta utata. Mzula mnene wa sufi ni mtamu asubuhi ya baridi, na wapo wanaoutumia kujaza nafasi kwenye helmeti iliyo kubwa kuliko kichwa. Ukivaa unahisi imekaa sawasawa. Shida ni kwamba sufi inabonyea. Kichwa kikigonga chini, mzula unabanwa, nafasi inarudi, na helmeti inazunguka au inavuka. Helmeti kubwa dawa yake ni kubadilishwa. Mzula hauiponyi.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Vaa kitambaa chako, vaa helmeti, funga mkanda wa kidevuni, kisha tikisa kichwa kulia na kushoto. Helmeti inatakiwa iende pamoja na kichwa. Halafu ishike kwa nyuma uisukume kuelekea mbele. Ikitoka, au ikikufunika macho, kilichopo chini yake ni kinene mno au helmeti si saizi yako. Mkanda nao ubane kiasi kwamba vidole viwili tu vinapita chini yake. Kuiacha klipu ikining'inia, kama wanavyofanya wengi, ni sawa na kutovaa.

Kwa akina mama suala huwa ni nywele. Dereva anasema, "Mama, vaa kofia." Anajibiwa, "Mwanangu, nimesuka jana." Helmeti inaishia kuning'inia kwenye usukani mpaka wamwone trafiki. Wengine wanaivaa, lakini juu ya kilemba kikubwa cha kitenge chenye fundo kisogoni. Hapo helmeti inakaa kama ndoo juu ya ngata, na mkanda haufiki kidevuni. Wigi refu na nywele zilizofungwa juu utosini zinafanya hivyohivyo.

Njia rahisi ni kubana nywele chini, usawa wa shingo, na kuvaa kofia nyembamba ya kitambaa au stokingi ya wigi isiyo na fundo. Kilemba kinaweza kukaa kwenye mkoba na kufungwa ukifika. Kwa anayevaa hijabu, ile kofia ya ndani inayobana inatosha chini ya helmeti, kisha mtandio mwembamba ukachomekwa ndani ya nguo. Pini za kichwani zitolewe kabisa. Helmeti ikigandamizwa, pini inaelekea kwenye ngozi.

Halafu kuna jambo ambalo abiria hulisema kwa sauti ya chini: helmeti ile imevaliwa na watu wangapi leo? Malalamiko hayo yana msingi. Mapunye husababishwa na fangasi, na yanaweza kuenea kwa kuvaa kofia moja. Chawa nao wanaweza kuhama kwa njia hiyo, ingawa wengi hupatikana kwa vichwa kugusana. Jasho la mwenzako peke yake linatosha kumkatisha mtu tamaa. Mjini Kampala, kampuni ya SafeBoda iliwahi kuwapa abiria kofia nyepesi za wavu za kuvaa chini ya helmeti. Kijiweni Katumba hakuna haja ya kusubiri kampuni. Kitambaa cha pamba chenye ukubwa wa leso, kilichokunjwa kwenye mkoba, kinafanya kazi hiyohiyo. Kifuliwe na kuanikwa juani kila siku, na kisiazimishwe. Dereva naye aanike helmeti juani ikiwa imegeuzwa, sponji juu, badala ya kuifungia kwenye begi ikiwa mbichi kwa jasho.

Shingo ndiyo inayotisha zaidi, na ndiyo isiyozungumzwa. Mtandio, khanga au skafu yenye ncha ndefu inapepea nyuma, inashuka taratibu, inanaswa na spoku au cheni. Tairi halisubiri. Kitambaa kinajiviringa na kuivuta shingo ya aliyekivaa kwa nguvu ya injini. Septemba 14, 1927, mcheza dansi maarufu wa Marekani, Isadora Duncan, alikufa hivyohivyo mjini Nice, Ufaransa, baada ya skafu yake kunaswa na gurudumu la gari. Madaktari wa India, Pakistan na Bangladesh wameandika mara nyingi juu ya wanawake walioumia shingo kwa mitandio yao kunaswa kwenye pikipiki na bajaji. Abiria anayekaa upande, khanga ikiwa mabegani na mtoto mgongoni, yuko karibu zaidi na tairi kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo shingoni kinachofaa ni kitu kisicho na ncha: kitambaa cha duara kinachovutwa juu hadi puani vumbi likizidi. Kama hakipo dukani, fulana ya zamani inatosha. Kata kipande cha duara kwenye sehemu ya tumbo, upana kama wa shubiri moja na nusu, basi. Pamba ni nzuri wakati wa kiangazi, ila mvua zikianza Novemba inanyonya maji na kubaki baridi shingoni. Kitambaa chepesi cha jezi hukauka haraka zaidi. Na kisifunike masikio kwa unene wa kumfanya dereva asisikie honi.

Mwenye khanga tu aikunje, aichomeke ndani ya koti au aikalie, na dereva aangalie nyuma kabla ya kung'oa gia. Ikinaswa, dereva azime injini palepale, asijaribu kusogea mbele, na kitambaa kikatwe kwa kisu au wembe karibu na shingo. Wembe una nafasi yake kwenye kisanduku cha spana.