Chengachenga za Keki, Bila Kwenda Dukani
Zile chengachenga za rangi zinazonyunyizwa juu ya keki, mimi nazitengeneza mwenyewe, hapa Tanga. Nachekecha vikombe viwili vya sukari ya unga, natia ute wa yai moja na vanila kidogo, nakoroga hadi uji uwe mzito, udondoke taratibu kama gundi. Kisha rangi. Kwa njano natia manjano, chembe tu. Yakizidi keki itanukia mchuzi. Najaza mfuko wa plastiki, nakata tundu dogo pembeni, nachora mistari myembamba kwenye karatasi ya kuokea. Kiangazi hukauka kwa usiku mmoja. Masika? Utasubiri. Mistari ikishakuwa mikavu kabisa, naikatakata kwa kisu. Anayehofia yai bichi atumie maji, ila zitavunjika upesi.