Mfano wa Kwanza Hautengenezwi Ili Usifiwe

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini, na haukupita muda ugonjwa ukaingia kwetu Ituri. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Kule Beni, Kivu Kaskazini, shirika la tiba la ALIMA lilitumia chumba kiitwacho CUBE: kuta za plastiki angavu, zenye mikono ya glovu iliyounganishwa nazo. Muuguzi humhudumia mgonjwa akiwa nje, bila vazi zito la kinga lisilovumilika muda mrefu kwenye joto. Mama naye humwona mwanawe.

Wazo hilo lilitokana na machungu ya Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, ambako wagonjwa wengi walifia mbali na macho ya ndugu zao. Lakini machungu hayakupi vipimo. Glovu ziwe juu kiasi gani? Muuguzi mfupi ataufikia mkono wa pili wa mgonjwa? Mpira wa dripu upite wapi? Maswali kama hayo mchoro hauyajibu. Simamisha miti minne, zungushia turubai, toboa matundu, kisha mwite muuguzi ajaribu. Kabla jua halijatua utajua tundu lipi limekaa vibaya, na kulihamisha hakutakugharimu kitu.

Hiyo ndiyo kazi ya mfano wa majaribio: kuleta kosa mbele wakati kulirekebisha bado ni rahisi. Kila mfano uwe na swali lake. Ukitaka kujua umbo, katoni inatosha. Ukitaka kujua nguvu, tumia chuma chenyewe. Sehemu ndogo yenye kona nyingi inaweza kutolewa na printa ya 3D, inayopanga plastiki tabaka juu ya tabaka. Kampuni ya AB3D ya Nairobi imeunda printa hizo kwa kutumia taka za kielektroniki.

Mwamuzi ni mtumiaji. Wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri baadhi ya familia zilikataa kuzika mfuko zisioweza kuhakikisha umebeba nani; ndipo ikaja mifuko yenye sehemu ya kuonea uso. Kasoro hiyo isingegunduliwa maabara, kwa kuwa plastiki haikuwa na hitilafu yoyote.

Fundi wa Bunia anayebuni mashine ya kusaga muhogo aanze na kipande kinachomtia shaka zaidi, labda mdomo wa kumiminia, akipeleke kwa mama anayesaga kila siku. Asimweleze, anyamaze, atazame mikono yake inakwama wapi. Na asikipake rangi. Kitu kinachong'aa watu huona haya kukikosoa, ilhali lawama zao ndizo anazozihitaji kabla hajanunua chuma.