Kisu cha Vyombo Vingi: Kipimwe kwa Kazi Yake

Katika Iftin, mjini Garissa, na katika nchi kavu iliyouzunguka mji huo, kisu ni chombo cha kila siku. Mchungaji hukata kamba na kuchonga fimbo. Fundi wa umeme humenya waya. Mwenye pikipiki hukaza skrubu iliyolegea akiwa mbali na gereji. Kwa hiyo si ajabu kwamba kisu cha kukunja chenye ubapa, koleo, bisibisi na msumeno katika mpini mmoja huwavutia wengi. Lakini mnunuzi mwenye busara hahesabu vyombo. Huuliza kila kimoja kitamfanyia kazi gani.

Ndivyo visu hivyo vilivyoanza. Mwaka 1891 Karl Elsener, mhunzi wa visu wa Uswisi, alianza kulipatia jeshi la nchi yake kisu cha kukunja chenye vyombo vinne tu: ubapa, msharasi wa kutobolea, kifungua kopo na bisibisi. Askari alihitaji bisibisi kwa bunduki yake na kifungua kopo kwa chakula chake. Baadaye Tim Leatherman, Mmarekani, alisafiri mwaka 1975 kwa gari bovu akaona kwamba kisu chake kimekosa koleo. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1983 ilijulikana kwa chombo cha kukunja ambacho kiini chake ni koleo.

Kwa mfugaji, kinachotangulia ni ubapa. Mbuzi akivunjika vibaya malishoni, akachinjwa kabla ya kukata roho, nyama yake ni halali. Akifa kabla ya hapo amekuwa kibudu, na mwenye mali amepoteza yote. Tena sheria ya Kiislamu huagiza kisu kinolewe barabara ili mnyama asiteswe. Kisu chenye vyombo kumi na ubapa butu hakimfai mtu huyo. Hata kikiwa kikali, kisu cha mfukoni hakitoshi kwa ng'ombe wala ngamia. Hao wahitaji kisu kirefu cha kuchinjia.

Kabla ya kulipa fedha, yafaa mnunuzi akijaribu kisu kwa njia nne. Kwanza, afungue ubapa na kuutikisa. Ukilegea tangu dukani, hautadumu. Pili, kama kisu kina komeo la kuzuia ubapa usijikunje, aubonyeze mgongo wa ubapa polepole juu ya mti, vidole vikiwa mbali. Komeo likiachia, asikinunue, maana kitamkata mkono. Tatu, akate kamba ya katani. Nne, afunge koleo na kuliinua kwenye mwanga. Meno yasiyokutana hayatashika mwiba wala waya.

Mtu asiyefanya kazi ya waya wala ya pikipiki hana haja ya kubeba koleo zito kutwa nzima. Kisu chepesi chenye ubapa mzuri na kibano cha kutolea miiba chamtosha.

Adui wa kisu katika nchi hii ni vumbi. Mchanga ukiingia penye bawaba, vyombo hukwama na chuma hulika. Kioshwe, kikaushwe, kisha kitiwe tone la mafuta. Hata chuma kisichoshika kutu upesi huweza kupata kutu kikiachwa na damu au chumvi.

Mwisho, mwenye kisu akumbuke kwamba sheria ya Kenya humwadhibu mtu atembeaye na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu, bila sababu ya halali. Hivyo kisu kikae kimekunjwa, na mwenyewe aseme mapema kwamba anacho afikapo penye ukaguzi. Asiingie nacho ndani ya ndege. Akiweke katika mzigo unaopelekwa chini. Kisu chema ni kile ambacho mwenyewe aweza kueleza, bila kusita, sababu ya kila chombo kilichomo.