Kipato cha blogu: Hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja

MKOA wa Tanga ulijengwa na mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulizidi tani 200,000 na bei ilikuwa nzuri. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Ardhi ilikuwa ile ile na mvua ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mnunuzi, na aliyekuwa na mkonge peke yake hakuwa na pa kukimbilia.

Somo hilo ni la zamani, lakini limerudi katika biashara isiyo na shamba wala ghala. Biashara hiyo ni blogu.

Katika miji ya Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mombasa na Nairobi wapo vijana wanaoendesha blogu za ajira, mapishi, michezo, kilimo na habari za mitaani. Mtaji wake unaonekana mdogo: kompyuta, simu nzuri, kifurushi cha intaneti na muda. Hata hivyo, mtaji huo mara nyingi ni mkopo wa kikoba au fedha ya mzazi, na muda wenyewe ni miaka miwili au mitatu kabla fedha ya maana haijaonekana.

Kwa hiyo swali ambalo mfanyabiashara wa Kariakoo angeuliza kabla ya kufungua duka linafaa kuulizwa hapa pia: ni nani hasa anayelipa, na akiacha kulipa kesho kitabaki nini?

Anayelipa ni nani

Kwa blogu nyingi jibu ni moja, Google. Kampuni hiyo ilianzisha mpango wake wa matangazo, AdSense, mwaka 2003. Mwenye blogu huweka nafasi za matangazo kwenye kurasa zake, Google hutafuta watangazaji, na fedha hugawanywa. Kwa tangazo lililonunuliwa kupitia Google Ads, kampuni imeeleza kwamba mwenye ukurasa hubaki na takriban asilimia 68.

Mpango huo una utaratibu wake. Mapato yakifika dola 10, barua yenye namba ya siri hutumwa kwa posta kuthibitisha anuani. Fedha hailipwi mpaka ifike dola 100. Blogu ndogo inaweza kukaa miezi mingi ikisubiri kufika kiwango hicho, huku bili za intaneti zikilipwa kila mwezi.

Hakuna ubaya katika mpango huo. Umewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kumwona meneja wa matangazo wa kampuni kubwa. Tatizo ni kwamba anayeleta wasomaji, kupitia utafutaji wa Google, na anayelipa, kupitia AdSense, ni kampuni moja. Ni sawa na mkulima ambaye mnunuzi wake ndiye pia mwenye barabara pekee ya kufikia shamba.

Barabara inapohamishwa

Mara kwa mara Google hubadili namna inavyopanga matokeo ya utafutaji. Februari 2011 ilitoa mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Panda, na yenyewe ilisema yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji nchini Marekani. Tovuti zilizoishi kwa makala nyingi nyepesi zilipoteza wasomaji mara moja.

Septemba 2023 na Machi 2024 yalikuja mengine. HouseFresh, tovuti ya kujitegemea inayopima mashine za kusafisha hewa, ilieleza hadharani Mei 2024 kwamba wasomaji wake kutoka utafutaji wa Google walikuwa wamepungua kwa asilimia 91. Hiyo haikuwa tovuti ya kunakili kazi za watu. Ilikuwa ikinunua mashine na kuzipima.

Mwezi huo huo Google ilianza kuweka majibu yaliyoandikwa na kompyuta juu ya matokeo kwa watumiaji wa Marekani, na kufikia Oktoba 2024 huduma hiyo ilitangazwa kufika katika nchi zaidi ya 100. Msomaji akipata jibu hapo hapo, hana haja ya kufungua blogu iliyoandika jibu hilo. Asipofungua, hakuna tangazo lililoonekana, na hakuna senti.

Bei nayo hubadilika

Hata wasomaji wakibaki, mlipaji anaweza kubadili bei. Mfano unaojulikana ni wa Amazon, kampuni ya Marekani inayowapa wenye tovuti kamisheni wanapoleta wateja. Katikati ya Aprili 2020 ilitangaza viwango vipya vilivyoanza tarehe 21 mwezi huo. Kamisheni ya samani ilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Notisi ilikuwa ya wiki moja.

Mwenye tovuti ya samani ambaye alikuwa akipata dola 800 kwa mauzo ya dola 10,000, alianza kupata dola 300 kwa mauzo yale yale na kazi ile ile. Hakukuwa na meza ya mazungumzo. Aliyekuwa na mlipaji mwingine alipunguza bajeti. Asiyekuwa naye alianza upya.

Leseni na waya

Kwa Tanzania kuna hatari ya tatu, nayo ni ya nyumbani. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ombi lilikuwa shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Jumla ni shilingi milioni 2.1. Adhabu kwa anayekiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Ada zilipunguzwa miaka iliyofuata, lakini Juni 2018 blogu kadhaa zilisitisha kazi. Kwa blogu iliyokuwa ikiingiza shilingi 150,000 kwa mwezi, mapato ya mwaka mzima yalikuwa shilingi 1,800,000, yaani chini ya gharama ya kuingia tu.

Aidha, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchini na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Duka la rejareja lingeweza kufungua mlango na kuuza kwa fedha taslimu. Blogu haina mlango wa nyuma.

Mifuko mitatu, chanzo kimoja

Ushauri wa kawaida ni kwamba mwanablogu aongeze vyanzo vya mapato. Ushauri ni mzuri, lakini wengi huutekeleza vibaya. Mfano wa hesabu unaonyesha kwa nini.

Tuseme kuna wanablogu watatu, kila mmoja anaingiza shilingi 600,000 kwa mwezi. Wa kwanza anapata 540,000 za AdSense na 60,000 kutoka duka la jirani linalotangaza kwake. Wasomaji wakipungua kwa asilimia 60, AdSense inashuka hadi 216,000. Akijumlisha na duka anabaki na 276,000.

Wa pili ameshauriwa apanue. Anapata 300,000 za AdSense, 240,000 za kamisheni ya bidhaa, na 60,000 za duka. Anaonekana salama zaidi. Wasomaji wakipungua kwa asilimia 60, AdSense inakuwa 120,000 na kamisheni 96,000. Akijumlisha na duka anabaki na 276,000, sawasawa na yule wa kwanza. Ameongeza mifuko, lakini yote imejazwa na bomba moja.

Wa tatu anapata 160,000 za AdSense, 160,000 za maduka mawili yenye mkataba wa miezi sita, 80,000 za kijitabu anachouza, na 200,000 za kuandikia makala na kupigia picha wateja wake. Pigo lile lile likija, AdSense inakuwa 64,000 na kijitabu 32,000, lakini maduka na wateja wanabaki kwa wakati huo. Ana 456,000. Amepata hasara, ila kodi ya nyumba imelipwa, na ana miezi kadhaa ya kutafuta njia.

Kwa hiyo kipimo hakiko katika idadi ya vyanzo. Kipimo ni kama vyanzo hivyo vinaweza kuanguka siku moja. AdSense na YouTube, kwa mfano, zote ni mali ya kampuni moja, na akaunti ya malipo ya YouTube ni ya AdSense. Aliyefungiwa huku anaweza kujikuta amefungiwa na kule.

Waliosimama kwa miguu miwili

Majina yaliyodumu katika biashara hii nchini hayakutegemea blogu peke yake. Issa Michuzi, aliyeanzisha blogu yake mwaka 2005, tayari alikuwa mpiga picha wa magazeti. Alikuwa na fani iliyomlisha kabla ya blogu, na blogu ikaitangaza fani hiyo. Millard Ayo alifahamika kwanza redioni, Clouds FM, kisha akajenga tovuti, kisha Ayo TV. Msomaji aliyemkosa mahali pamoja alimpata pengine.

Kwa wote wawili kilichouzwa ni jina na ujuzi. Blogu ilikuwa kibanda cha kuuzia. Kibanda kikiondolewa na mgambo, mwenye ujuzi hutafuta kona nyingine.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza, ambayo haigharimu sana, ni kumiliki orodha ya wasomaji. Barua pepe au namba ya simu iliyotolewa kwa hiari na msomaji haipotei Google inapobadili mpango wake. Mwanablogu mwenye wasomaji 500 anaoweza kuwaandikia moja kwa moja ana mali zaidi ya yule mwenye wageni 20,000 waliopita njia wasirudi.

Ya pili ni matangazo ya moja kwa moja. Muuza mbegu wa Morogoro anaweza kulipa kwa mwezi ili aonekane kwenye blogu ya kilimo. Malipo yanakuja kwa M-Pesa, ankara inaandikwa, na hakuna kungojea dola 100. Mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja.

Ya tatu ni huduma. Anayeandika vizuri anaweza kuwaandikia wengine, kutafsiri, au kutunza kurasa za biashara ndogo. Hiki ndicho chanzo kinacholipa mapema zaidi, ingawa kinakula muda.

Ya nne ni bidhaa yake mwenyewe, kama kijitabu cha mapishi, mafunzo ya siku moja au mfumo wa hesabu za duka. Inachelewa kulipa, lakini bei anapanga mwenyewe.

Hata hivyo, mshika mbili moja humponyoka, na mshika nne ndiye wa kuhurumiwa. Anayeanza vyote kwa pamoja huishia na blogu iliyodorora na huduma mbovu. Ni busara kuchagua kimoja kinachotumia ujuzi ule ule wa blogu, kukiendesha miezi sita, kisha kupima.

Kwa mwekezaji mdogo

Tovuti sasa zinauzwa na kununuliwa, na bei hupangwa kwa kuzidisha faida ya mwezi. Wapo pia wanaoombwa na ndugu au rafiki kuweka fedha kwenye blogu inayoonekana kuchangamka. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwenye fedha aombe kuona mambo manne.

Kwanza, mapato ya miezi 24 kwa mchanganuo wa kila mlipaji, maana mwezi mmoja mzuri si ushahidi. Pili, wasomaji wangapi hutoka kwenye utafutaji na wangapi huja wenyewe. Tatu, leseni na jina la tovuti vimesajiliwa kwa nani. Nne, ikiwa mlipaji mkubwa ataondoka, kilichobaki kitalipa gharama kwa miezi mingapi?

Kama mlipaji mmoja anatoa zaidi ya nusu ya mapato, bei ishuke. Kama anatoa asilimia 90, mnunuzi ajue kwamba ananunua uhusiano na kampuni ambayo haimfahamu na haitamwandikia kumwomba radhi.

Mkonge haujafa. Bado unalimwa Tanga na bado una soko. Lakini anayeulima leo akiwa na akili za biashara anajua pia bei ya mahindi, machungwa na ng'ombe wa maziwa.