BAKTERIA WA MIZIZI YA NAFAKA: TUPIME KABLA YA KUNUNUA

Huku Misigiri, kama kwingineko mkoani Singida, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Mkulima wa mtama, uwele au mahindi akikosea wakati wa kupanda, hana nafasi ya pili mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo kila pembejeo mpya yafaa ieleweke kwanza, ndipo fedha za wanachama zitolewe. Mojawapo ni mbolea hai, yaani bakteria wanaopakwa kwenye mbegu za nafaka.

Kazi ya bakteria hao

Bakteria ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hujaa zaidi katika udongo ulioshikana na mizizi, kwa sababu mizizi hutoa sukari ambayo wao huila. Baadhi yao hulipa fadhila hiyo. Hutengeneza kichocheo kinachoifanya mizizi itoe matawi na vinyweleo vingi, na hivyo mmea hufikia maji na chakula zaidi. Wengine huyeyusha fosforasi iliyofungwa udongoni, na wengine hunasa naitrojeni ya hewani.

Tusichanganye mambo mawili. Mkulima aking'oa kunde au karanga huona vinundu mizizini. Humo bakteria wa jamii nyingine hunasa naitrojeni kwa wingi. Nafaka hazina vinundu hivyo, na naitrojeni inayopatikana kwa njia hii ni kidogo. Kwa hiyo mbolea hai haichukui nafasi ya samadi.

Matokeo ya majaribio

Bakteria waitwao azospirilumu walielezwa na Beijerinck wa Uholanzi mwaka 1925, lakini walipata umaarufu katika miaka ya 1970 kwa utafiti wa Johanna Döbereiner nchini Brazili. Mwaka 1994 wataalamu Okon na Labandera-Gonzalez walikusanya matokeo ya majaribio ya mashambani ya miaka 20. Waliona kwamba katika asilimia 60 hadi 70 ya majaribio mavuno yaliongezeka, kwa asilimia 5 hadi 30. Maana yake ni kwamba katika mashamba kumi, matatu au manne hayakupata faida ya kuaminika.

Tuchukue shamba linalotoa kilo 600 za mtama. Nyongeza ya asilimia 5 ni kilo 30. Ya asilimia 30 ni kilo 180. Katibu anapopigiwa hesabu na muuzaji, alinganishe bei ya dawa na thamani ya kilo 30, wala si ya kilo 180. Aidha, ahakikishe kwamba bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, na kwamba muda wake wa matumizi haujapita.

Jinsi ya kujaribu

(a) Wapatikane wanachama watano. Kila mmoja apime vipande viwili vinavyofanana na vilivyo jirani, vya hatua 10 kwa 10.

(b) Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, na palizi iwe sawa. Kipande kisicho na bakteria kipandwe kwanza, ili mikono isiwahamishe.

(c) Bakteria ni hai. Jua kali huwaua. Mbegu zipakwe kivulini, zisichanganywe na dawa ya kuua vimelea wala mbolea ya chumvichumvi, na zipandwe siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu.

(d) Mavuno ya kila kipande yapigwe na kupimwa peke yake kwa mizani ya chama, na uzito uandikwe daftarini.

Ikiwa vipande vyenye bakteria vitashinda kwa wanachama wanne au wote watano, mkutano utakuwa na msingi wa kujadili ununuzi. Vikishinda kwa wawili tu, fedha zibaki chamani.

Walio udongoni tayari

Mashamba yetu yana bakteria wake wa asili, nao hawauzwi. Chakula chao ni samadi na mabua yanayoachwa yaoze badala ya kuchomwa moto. Kubadilisha mtama na kunde au karanga huwasaidia pia. Mwanachama anaweza kuanza kazi hii msimu huu bila kusubiri matokeo ya mizani.